Swali la Bibi: Mafunzo Niliyopata Kati ya Kilosa na Mikumi

Kipindupindu kilichoanza Dar es Salaam Agosti 2015 kilipofika mkoani Morogoro, mama mdogo aliugua Kilosa. Nilipanda basi Mikumi, tukapita kijiji cha Ulaya katikati ya vumbi, nikamkuta kwenye kambi ya wagonjwa macho yameingia ndani, ngozi ya tumbo ukiifinya inachelewa kurudi. Muuguzi alikuwa anamnywesha ORS, maji ya chumvi na sukari, kijiko kwa kijiko. Bibi alinivuta pembeni.

“Mjukuu wangu, wewe mwalimu wa biolojia. Maji yake mwenyewe yanamtoka kama bomba limepasuka. Haya ya kijiko yatabakije?”

Sikuwa na jibu. Mama mdogo alipona, swali likabaki nami, na kulitafutia jibu kulinirudisha kwenye utando wa seli.

1. Utando wa seli una mitaa yake

Kwa miaka 9 nilikuwa nauchora utando huo ubaoni kama ukuta: safu mbili za mafuta, protini zimetawanyika humo ovyo. Mchoro huo umetokana na kazi ya wanasayansi Singer na Nicolson ya mwaka 1972. Haukuwa uongo, lakini ulikuwa nusu ya habari. Mwaka 1997 Kai Simons na Elina Ikonen walieleza kwamba kolesteroli na mafuta yaitwayo sfingolipidi huvutana, yakafanya vipande vilivyoshikamana vinavyoelea ndani ya mafuta mengine yaliyo mepesi zaidi. Vipande hivyo huitwa vyelezo. Kimoja kina upana wa nanomita 10 hadi 200 tu, na unywele wa mtu una nanomita 80,000 hivi.

Anayeshuka Mikumi kwenye mabasi ya Mbeya akaagiza supu ya mbuzi ameshaona jambo linalofanana na hilo. Supu ikianza kupoa, mafuta hujikusanya juu visiwa visiwa. Tikisa bakuli, vinaachana. Liache litulie, vinaungana tena.

2. Habari hupita pale wahusika wanapokutana

Protini nyingi zinazopokea ujumbe kutoka nje ya seli na zile zinazoupeleka ndani hukusanyika kwenye vyelezo hivyo. Zikikaa mbalimbali, ujumbe huchelewa au hupotea. Hata kimelea cha malaria aina ya falciparum kinaihitaji kolesteroli hiyo ya vyelezo katika utando wa chembe nyekundu ya damu: ikiondolewa maabarani, kimelea hushindwa kuingia. Tangu nilipojua hilo, mwanafunzi akiniambia kolesteroli ni sumu, namwomba akae tuzungumze upya.

3. Sumu ya kipindupindu inajua pa kugonga

Hapa ndipo nilipokaa muda mrefu kuliko kwingine kote. Bakteria wa kipindupindu haingii ndani ya seli za utumbo. Hukaa nje akamwaga sumu, jambo ambalo Sambhu Nath De wa Kolkata alilithibitisha mwaka 1959 kwa kutumia utumbo wa sungura. Sumu hiyo ina vipande sita: vitano vya kushikia na kimoja cha kudhuru. Vile vitano hushika GM1, mafuta yenye kichwa cha sukari yanayopatikana kwenye vyelezo. Kipande kimoja peke yake kingeshika kwa nguvu ndogo zaidi, lakini vitano kwa pamoja havibanduki kirahisi.

Seli huimeza sumu yenyewe, ikasafirishwa hadi kwenye karakana za protini, na kutoka huko kile kipande cha sita hupenya na kuikwamisha swichi ya ujumbe ibaki imewashwa. Mlango wa kloraidi hufunguka ukakataa kufungwa. Chumvi inatoka, maji yanaifuata. Mtu mzima anaweza kupoteza lita nzima kwa saa moja.

4. Mlango wa pili haukuguswa

Katika utumbo huohuo kuna mlango unaoingiza sodiamu na glukosi kwa pamoja. Robert Crane aliueleza mwaka 1960. Sumu haiuharibu. Ukimpa mgonjwa chumvi na sukari kwa kipimo sahihi, mlango huo huvipokea vyote viwili na maji huvifuata ndani. Ndiyo maana maji matupu hayatoshi, na soda, kwa wingi wa sukari yake, huvuta maji zaidi kutoka mwilini.

Mwaka 1971, dripu zilipokwisha kwenye kambi ya wakimbizi wa Bangladesh huko Bangaon, India, Dilip Mahalanabis aliwapa wagonjwa maji ya aina hiyo kwa mdomo. Vifo vilivyokuwa karibu 30 kwa kila wagonjwa 100 vikashuka chini ya 4.

Nilipoyasoma haya niliwakumbuka akina mama wote wanaomficha mtoto anayeharisha kikombe cha maji. Wanafanya hivyo kwa upendo. Tuliosoma ndio tuliokaa kimya.

5. Ndoano ya adui imegeuzwa kinga

Vile vipande vitano vya kushikia, bila kile cha sita, havidhuru. Watafiti huviunga na rangi inayong’aa ili wavione vyelezo. Chanjo ya kunywa iliyotolewa Unguja na Pemba mwaka 2009 iliwekewa vipande hivyo pamoja na bakteria waliouawa, na waliopata dozi mbili walikingwa kwa asilimia 79.

6. Nilirudi Kilosa na bakuli la supu

Likizo ilipofika nilimpelekea Bibi jibu lake. Nilimwonyesha visiwa vya mafuta, nikamwambia sumu hutia nanga hapo, halafu nikamweleza habari ya mlango wa pili. Alisikiliza mpaka supu ikaganda. Kisha akaniuliza, “Na siku pakiti za ORS za dukani zimekwisha?”

Nikamtajia: lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, vijiko sita vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Akainuka kwenda jikoni, akachota sukari, akaparaza kijiko kwa ubapa wa kisu.

“Hivi?”

“Hivyo hivyo, Bibi.”

Akachota cha pili.