Ugonjwa wa Tumbo Unavyoharibu Mapafu

Mtu anaumwa tumbo, au ana kidonda chenye usaha. Siku chache zinapita, kisha anaanza kuhema mbio mbio. Jamaa zake wanashangaa: "Ugonjwa ni wa tumbo; mbona pumzi inamwishia?" Tujifunze sababu yake.

1. Panya wametufundisha nini?
Mwaka 1980 waganga wa Marekani walieleza njia ya kuchunguza ugonjwa huu kwa panya. Panya hulazwa usingizi kwa dawa. Sehemu ya utumbo wake hufungwa kwa uzi na kutobolewa kwa sindano, ndipo vijidudu huvuja tumboni. Mapafu hayaguswi hata kidogo. Lakini yakichunguzwa baadaye, mara nyingi huonekana yamevimba na kuwa mazito kwa maji.

2. Maji hayo yanatoka wapi?
Ndani ya mapafu mna vifuko vidogo sana vya hewa, vilivyozungukwa na mishipa myembamba ya damu. Vijidudu vikiingia mwilini, chembe nyeupe za damu huvipiga vita, kama askari walindao mji. Vita ikizidi, askari wengi hukwama katika mishipa ya mapafu, na silaha zao huharibu kuta za mji wao wenyewe. Basi maji ya damu huvuja katika vifuko, na hewa hukosa nafasi.

3. Je, watu nao hupatwa hivyo?
Ndiyo. Mwaka 1967 waganga wa Denver, Marekani, waliandika habari za wagonjwa 12. Magonjwa yao yalianza kwa njia mbalimbali, lakini mapafu yao yaliharibika namna moja. Dawa nyingi zilizosaidia panya hazikusaidia watu. Kwa hiyo yafaa kuzima vita mapema: kuua vijidudu kwa dawa, kutoa usaha, na kumpa mgonjwa oksijeni.

4. Tufanye nini?
Mtu mzima mwenye homa au usaha akihema mara 22 au zaidi kwa dakika moja, au akichanganyikiwa akili, au mkojo ukipungua, mlete hospitali siku ile ile. Mtoto wa mwaka 1 mpaka 5 akihema mara 40 au zaidi, mlete pia. Usingoje kesho.

Maswali
Kwa nini mapafu ya panya yaliharibika, ijapokuwa hayakuguswa?
Utahesabuje pumzi za mgonjwa nyumbani?