Sigatoka nyeusi: namna ya kuokoa makemba ya nyuma ya nyumba

Kisangani iko karibu kabisa na mstari wa ikweta, na hakuna mwezi usio na mvua. Mgomba unaipenda hali hiyo. Hata ukungu wa Sigatoka nyeusi unaipenda, ukungu uliotambuliwa Fiji mwaka 1963 na kuingia Afrika miaka ya 1970. Ugonjwa huu hauui mgomba. Unakausha majani, na makemba, yaani ndizi za kupika, yanabaki membamba yasiyofaa hata kupondwa kuwa lituma.

Wengi hushtuka majani yakishakuwa meusi. Mimi huanzia kwenye jani la tatu au la nne kutoka juu, na kuligeuza. Upande wa chini ndipo vinapoonekana vistari vya kahawia-nyekundu, milimita moja au mbili tu, vimejipanga sambamba na mishipa ya jani. Baadaye vinanenepa, vinakuwa vyeusi, kisha katikati panakauka na kuwa kijivu. Hapo jani limeshakuwa kiwanda cha mbegu za ukungu: mvua inalilowesha, upepo unazipeleka kwa jirani.

Kwa hiyo panga ndilo dawa. Sehemu iliyokauka ikatwe kila wiki. Jani lililokufa zaidi ya nusu liondolewe lote. Lakini mkono usizidi! Mgomba unaotoa ua unahitaji kama majani manane mazima ili kujaza mkungu. Majani yaliyokatwa yalundikwe pamoja, moja juu ya jingine, maana yakitawanyika shambani yanaendelea kurusha mbegu. Machipukizi yapunguzwe, wabaki mama, mtoto na mjukuu, hewa ipite. Majivu na maganda ya jikoni yamwagwe shinani: mgomba ulioshiba huota majani mapya upesi.

Jambo moja halina mzaha. Mnyauko wa bakteria, ugonjwa mwingine wa migomba ulioonekana Kivu Kaskazini mwaka 2001, husafiri kwenye panga. Ubapa upitishwe motoni kabla ya kugusa mgomba mwingine.

Mashamba makubwa ya Amerika ya Kati hupulizia dawa mara nyingi kwa mwaka. Mkulima wa Lubunga, hapa Kisangani, haziwezi gharama hizo, na dawa karibu na kisima cha nyumbani si kitu cha kutamani. Afadhali mbegu yenye kinga. Mojawapo, Yangambi Km 5, ina jina la Yangambi, kituo cha utafiti kilomita kama mia moja kutoka Kisangani. Ni ndizi ndogo tamu, haichukui nafasi ya makemba, lakini ukipata chipukizi lake, lipande.