Bastola ya Safu Mbili: Dola 300, Dola 600 au Dola 2,500?

Ingia duka la silaha la Texas au Kentucky, na kabati moja la kioo litakuonyesha bastola ya dola 300 ikiwa pembeni mwa nyingine ya dola 2,500. Zote mbili zinatumia risasi ileile ya milimita 9, na zote mbili zinabeba risasi 15 au zaidi kwenye magazini moja. Ndugu zetu waliohamia Marekani kutoka Kongo, Burundi, Kenya au Tanzania, wakiamua kununua silaha ya kulinda nyumba au ya mchezo wa shabaha, hukwama hapohapo: tofauti ya dola 2,200 inanunua nini? Jibu langu ni kwamba mpaka kufikia dola 500 au 600, pesa inanunua uhakika wa bastola kufanya kazi kila unapoihitaji. Ukipita hapo unanunua triga laini na usahihi ambao mkono usio na mazoezi hautaufaidi.

Safu mbili maana yake ni hii: ndani ya magazini risasi zimepangwa kwa kupishana, moja kushoto na moja kulia, kisha midomo ya magazini huzibana zipande moja moja kuelekea chemba. Risasi zinakuwa nyingi bila mpini kurefuka, na gharama yake ni unene. Bastola iliyoufanya mpango huu ujulikane ni Browning Hi-Power ya mwaka 1935. John Browning alifariki mwaka 1926 kabla haijakamilika. Dieudonné Saive wa kiwanda cha FN, Ubelgiji, ambaye ndiye aliyebuni magazini yake, akaimalizia ikiwa na risasi 13. Mwaka 1975 ikaja CZ 75 ya Chekoslovakia, kutoka chapa ambayo magazeti ya Kenya huiita Ceska tu. Mwaka 1982 Austria ikatoa Glock 17, yenye fremu ya plastiki ngumu na risasi 17. Nyingi za bastola utakazowekewa mezani leo ni wajukuu wa hizo.

Kwa kuwa unene ndio gharama, anza na mkono wako, bei ifuate baadaye. Muuzaji atoe magazini, avute slaidi nyuma na akuonyeshe chemba. Nawe uikague mwenyewe, kwa jicho na kwa ncha ya kidole, hata kama yeye ameikagua mbele yako. Elekeza mtutu mahali pasipo na mtu. Sasa ingiza lile bonde lililo kati ya kidole gumba na cha shahada juu kabisa mgongoni mwa mpini, mtutu ukiwa mstari mmoja na mkono wako kuanzia kiwiko. Ukiwa hivyo, nyama ya ncha ya kidole cha shahada iweze kutua katikati ya triga. Ikibidi uizungushe bastola kiganjani ndipo kidole kifike, mpini huo ni mnene kwako, na teke la risasi litaishia kwenye kiungo cha kidole gumba badala ya kupokewa na mkono wote. Mwombe akubadilishie kibao cha mgongo wa mpini aweke kile chembamba kabisa. Bastola nyingi za sasa huja na vibao viwili au vitatu, na HK VP9 unaweza kuibadilisha hadi mbavu za pembeni.

Vuta slaidi pia, zaidi ya mara moja. Wanawake wengi na wazee huambiwa kwamba hawana nguvu za kutosha, wakati kinachowasumbua ni namna ya kushika. Funika slaidi kwa kiganja kizima, kisha usukume mpini mbele kwa mkono ulioushika. Nguvu za kifua na mabega zinafanya kazi ambayo vidole viwili haviwezi. Ikikataa hata hivyo, usilazimishe. Omba kuonyeshwa Smith & Wesson Equalizer, iliyotoka mwaka 2022. Imetengenezwa makusudi slaidi yake ivutike kwa wepesi, na ina magazini za mpaka risasi 15.

Tuje kwenye bei. Kati ya dola 250 na 350 utakuta Taurus G3 ya Brazil na Ruger Security-9 ya hapohapo Marekani; ukiongeza kidogo utafikia Canik za TP9 kutoka Uturuki. Canik ndiyo ninayoiheshimu zaidi katika kundi hili, kwa sababu triga yake inashindana na za bastola ghali zaidi. Katika bei hii kiwanda hubana matumizi kwenye alama za kulengea, ambazo mara nyingi ni za plastiki, kwenye ulaini wa triga, na kwenye ukaguzi kabla bastola haijatoka mlangoni. Kwa hiyo nyingine zitafyatua miaka bila tatizo, na nyingine itaanza kukwama wiki ya kwanza. Anayenunua hapa awe tayari kuijaribu kwa bidii kuliko aliyetoa dola 600.

Kuna mlango mwingine kwa mwenye pesa kidogo: bastola zilizotumiwa na polisi. FBI iliporudi kwenye milimita 9 katikati ya miaka ya 2010, idara nyingi za polisi ziliifuata na kuuza Glock 22 zao, zinazotumia risasi pana zaidi ya .40. Nyingi zimesuguka rangi kwa kuvaliwa kiunoni kila siku lakini zimefyatua risasi chache tu. Ni bastola nzuri kwa bei ya chini. Kumbuka tu kwamba risasi ya .40 ni ghali kuliko ya milimita 9 na ina teke kali zaidi, na kwa mtu anayejifunza hayo mawili yanapunguza mazoezi.

Dola 450 mpaka 650 ndipo ninapomshauri karibu kila mtu anunue. Hapa kuna Glock 19 yenye risasi 15, Smith & Wesson M&P 9 M2.0, CZ P-10 C na Walther PDP. Hakuna iliyo mbaya kati ya hizo nne. Mkono wako ndio uamue. Kwa wengi mpini wa M&P hukaa vizuri kuliko wa Glock, ambao mwinamo wake huwafanya baadhi ya watu walenge juu. Hata hivyo, mtu asiye na rafiki wa kumshauri namwelekeza kwenye Glock 19, kwa sababu kila duka lina magazini yake, vipuri vyake na ala yake, na kila fundi amewahi kuifungua. Ukitarajia siku moja kufunga kioo cha nukta nyekundu juu ya slaidi, nunua ile iliyochongwa tayari kiwandani, maana kuipeleka kwa fundi baadaye kutakula zaidi ya tofauti ya bei.

Toleo jipya kabisa liache kwanza. Januari 2017 Jeshi la Marekani liliichagua SIG Sauer P320. Agosti mwaka huohuo kampuni ikatangaza kuwabadilishia raia vipuri bure, baada ya majaribio kuonyesha kuwa ikidondoka kwa pembe fulani inaweza kufyatuka yenyewe. Hata kampuni kubwa yenye mkataba wa jeshi hugundua mambo bastola ikiwa tayari mikononi mwa watu. Subiri mwaka mmoja.

Kati ya dola 650 na 1,000 ziko HK VP9 na Beretta 92FS, bastola imara mno. Beretta ina nyundo: mvuto wa kwanza wa triga ni mrefu na mzito, unaofuata ni mfupi na mwepesi, na lazima uizoee mivuto yote miwili. Ni chaguo la anayejua anachokitaka.

Kuanzia dola 1,300 unaingia dunia nyingine. CZ Shadow 2 ni ya mashindano, ya chuma tupu, yenye uzito wa zaidi ya kilo moja, na uzito huo ndio unaoufanya mtutu utulie kati ya risasi na risasi. Nyingine ni zile ziitwazo 2011, yaani bastola ya Browning ya mwaka 1911 iliyopewa mpini mpana wa safu mbili. Kampuni ya STI ya Texas ndiyo iliyozijengea jina tangu miaka ya 1990, na mwaka 2020 ikajibadili kuwa Staccato. Staccato P ni kama dola 2,500. Springfield Prodigy, ya mwaka 2022, ni takriban 1,500, na Tisas ya Uturuki imeshuka chini ya 1,000. Triga ya 2011 hairudi kwa kupinda kama ya Glock: inateleza moja kwa moja nyuma, mwendo mfupi, na kuachia kwa mguso mwepesi. Mpiga shabaha aliyekomaa ataupenda mguso huo. Kwa anayeanza ndio unaonitia hofu, kwa sababu kidole chake bado hakijajifunza kukaa nje ya triga, na kifungo cha usalama kinachotakiwa kushushwa kwa kidole gumba kila mara hakijaingia kwenye mazoea yake. Magazini moja ya ziada nayo inaweza kufika dola 70, wakati ya Glock ni chini ya nusu ya hapo.

Ukiwa na dola 1,000 ningezigawa hivi: 500 bastola, 125 risasi 500 za mazoezi, kwa makisio ya senti 25 kila moja, 150 mwalimu, 100 sefu ndogo ya chuma, 60 ala ngumu inayofunika triga yote, na 40 vilinda masikio na miwani; 25 zinazobaki ziwe akiba. Sefu usiikate hata ukibanwa vipi. Mtoto anajua kila unapoficha kitu ndani ya nyumba, na juu ya kabati si mahali pa bastola.

Na sheria uijue kabla ya kutoa pesa. Duka lenye leseni haliruhusiwi kumuuzia bastola mtu aliye chini ya miaka 21. Mwenye grini kadi anaweza kununua. Aliye na viza ya kusoma au ya kutembelea kwa kawaida hawezi, na msamaha ni mchache. California, New York na New Jersey zinazuia magazini yenye zaidi ya risasi 10, Colorado 15, kwa hiyo ile unayoiona kwa rafiki yako Texas huenda ni kosa nyumbani kwako. Usiibebe kwenda nayo Nairobi au Dar es Salaam ukidhani kibali cha Marekani kinatosha. Kule leseni ni nyingine kabisa, na huombwa kabla silaha haijafika.

Viwanja vingi vya shabaha hukodisha bastola kwa gharama ndogo. Kodisha mbili ulizozipenda, fyatua risasi 50 kwa kila moja, ndipo urudi dukani. Ukishanunua, ziandike magazini zako namba kwa wino wa kudumu. Fyatua angalau risasi 200 za mazoezi ukiandika kila inapokwama na ni kwa magazini namba ngapi. Ikikwama kwa namba 2 pekee, tatizo liko kwenye magazini, na kuibadilisha ni dola chache. Ikikwama kwa zote, irudishe kiwandani ukiwa na maandishi hayo mkononi. Kisha nunua boksi moja la zile risasi za kujilindia zenye shimo kwenye ncha, na uzifyatue zote kabla hujaziamini, kwa sababu umbo la ncha yake ni tofauti na bastola nyingine humeza za mazoezi vizuri lakini hizo zikaigomea.