Matabishi

Mama mmoja anauza maharagwe huko Shasha, kando ya ziwa Kivu. Amekwisha kupima, lakini mnunuzi haondoki: «Mama, na matabishi je?» Mama anacheka, anaongeza kidogo kwa mkono.

Neno hili lilitoka kwa Wareno: mata-bicho, maana yake kiua-mdudu. Zamani Wareno walikunywa pombe kali kidogo asubuhi, wakisema inaua mdudu wa tumboni. Kisingizio tu! Baadaye neno likawa zawadi ndogo apewayo mtumishi, anunue kinywaji. Katika Kongo likawa nyongeza ya sokoni. Tena, kwa aibu, likawa rushwa. Anayedai matabishi kabla ya kukupa karatasi yako hakuongezei kitu, anakupunguzia. Huko Angola matabicho ni chakula cha asubuhi.