Kuwatazama Ndege wa Kwetu na Kuandika Habari Zao

Wengi wetu twawajua ndege wa kwetu kama tuwajuavyo watu wapitao njiani: sura twaziona, majina hatuna. Alfajiri twasikia sauti nyingi, twasema tu, "Ndege wanalia." Katika somo hili twataka kuonyesha jinsi mtu awezavyo kujifunza kuwatazama, na hasa kuandika ayaonayo, maana kutazama pasipo kuandika ni kuteka maji kwa pakacha.

Mfano wa kazi hii tunao katika milima ya Usambara. Mwaka 1928 alifika Amani Mwingereza mmoja, Reginald Moreau, kufanya kazi katika kituo cha uchunguzi wa kilimo. Hakusomea elimu ya wanyama. Zamani alikuwa katika ofisi ya ukaguzi wa hesabu za jeshi huko Cairo, na habari za ndege alijifunza mwenyewe. Alikaa Amani hata mwaka 1946. Yeye na mkewe Winifred, pamoja na wenyeji waliofundishwa kukaa karibu na kiota na kuandika kila ndege aingiapo na atokapo, walikusanya habari ambazo wataalamu wangali wakizitumia.

Mwangalieni hondohondo, yule mkubwa mweusi mwenye pembe juu ya mdomo, ambaye mabawa yake yavuma apitapo juu ya msitu. Wakati wa kutaga, jike huingia katika tundu la mti mkubwa. Dume huleta udongo, na jike huuziba mlango kwa ndani, ukabaki ufa mwembamba tu. Kwa ufa ule dume humlisha, akiyatoa matunda kooni moja moja. Hayo jicho lolote laweza kuyaona. Lakini ni matunda mangapi? Dume mmoja alikadiriwa kuleta matunda yapata 24,000, kwa safari 1,600, katika muda wa siku 120. Hesabu kama hiyo haikai kichwani mwa mtu. Hupatikana kwa kuketi chini ya mti na penseli mkononi. Tena aliyeijua atafikiri mara mbili kabla ya kuutia shoka mti wenye tundu, kwa kuwa huenda jike na kinda wamo ndani, hawana njia ya kutoka. Na mbegu za matunda yale, zikitapakazwa huku na huku, ndizo ziuoteshazo msitu.

Basi vyombo vya kazi ni vichache. Darubini ni njema kwa aliye nayo, lakini asiye nayo asingoje. Yatosha daftari dogo, na penseli, kwa sababu wino huharibika kwa umande na mvua. Nendeni tangu saa kumi na mbili asubuhi hata saa tatu, maana jua likipanda ndege wengi hunyamaza. Andikeni kwanza tarehe, saa, mahali, na hali ya hewa. Kisha ukubwa, kwa kulinganisha: kama shomoro, kama tetere, au kama kunguru? Mdomo je, ni mnene wa kuvunja mbegu au mwembamba uliopinda kama wa chozi? Sauti iandikeni kwa silabi, kama masikio yaisikiavyo. Jina na liwe la mwisho. Ajuaye jina upesi huacha kutazama, na mara nyingi jina lenyewe si lake. Kwera dume wakati wa kujenga ni wa manjano. Msimu ukipita hufifia akafanana na jike, na mwanafunzi mgeni huandika aina mbili palipo na moja.

Mkikosa jina, waulizeni wazee, mkaliandike kwa lugha ya nyumbani vile vile walitamkavyo. Kazi hii haifai kucheleweshwa. Majina mengi ya ndege hayamo katika kitabu chochote, nao wayajuao wanapungua kila mwaka.

Tarehe nazo msizidharau. Zamani huko Ulaya watu walibishana ndege huenda wapi wakati wa baridi, na wengine walidhani mbayuwayu hulala katika matope ya maziwa. Mwaka 1822, karibu na Klütz katika Ujerumani, aliuawa korongo mweupe mwenye mkuki wa Kiafrika umekwama shingoni. Angali amehifadhiwa katika chuo kikuu cha Rostock. Alikuwa ameruka na mkuki ule toka bara letu! Hata mbayuwayu wa Ulaya, ambaye uzito wake wapata gramu 20 tu, hutujia kila mwaka na kurudi kwao yapata Machi au Aprili. Siku ya kwanza mtakayomwona iandikeni, na ya mwisho pia, na mwaka ujao hivyo hivyo.

Watoto wenye manati wapeni kazi ya kuhesabu viota vya kwera katika mti mmoja kila Jumamosi: vilivyomalizika, vilivyoachwa, vilivyoanguka. Viota wasivishike, wala wasivikaribie sana, kwa maana ndege akifukuzwa mara kwa mara huyaacha mayai. Wakae mbali kidogo, wanyamaze, na mmoja aandike.