Nesi wa Cheti Anayetaka Diploma Bila Kuhama Kakola

Maswali haya nimeulizwa na wauguzi wa zahanati na vituo vya afya vinavyouzunguka mgodi wa Bulyanhulu, upande wa Msalala na wa Nyang'hwale. Mengine yalikuja kwa simu, mengine niliyapokea nimesimama nasubiri gari Kakola. Mimi mwenyewe nilianza kazi nikiwa nesi B, yaani wa cheti, nikajiendeleza, na sasa ni mkufunzi wa uuguzi.

Shikamoo mwalimu. Nina miaka tisa kazini na cheti changu kilekile. Hii diploma ya uuguzi kwa elimu masafa ipo kweli, au ni maneno ya magrupu ya WhatsApp?

Marahaba, dada. Ipo. Wizara ya Afya ina kituo chake cha elimu masafa pale Morogoro, kwa ajili ya watumishi walioko kazini wasioweza kuacha kituo wakakae bwenini. Unasoma moduli ukiwa kwako, unaitwa darasani kwa vipindi, unakwenda vitendo hospitalini, halafu unafanya mtihani. Majirani zetu Kenya walilianza jambo hili kwa ukubwa mwaka 2005. AMREF, Baraza la Wauguzi la nchi hiyo na kampuni ya Accenture walilenga kuwapandisha wauguzi wa cheti wapatao 22,000 ndani ya miaka mitano, wakisomea kwenye kompyuta zilizowekwa vyuoni na hospitalini. Wakati huo simu janja hazikuwepo mifukoni mwetu. Wewe leo unayo, na bando ukijibana unaliweza.

Ila usilipe hata shilingi kabla ya kuhakikisha mambo mawili: chuo kimesajiliwa na NACTVET, na programu yenyewe inatambuliwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga. Chuo kinachokuahidi diploma ya uuguzi bila kukanyaga wodi, kikimbie.

Mbona kazi ni ileile? Mimi wa cheti nazalisha, na mwenye diploma anazalisha. Hiyo miaka ya kusoma inaniongezea nini?

Kisheria tofauti iko wazi. Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010 inatenganisha aliyeorodheshwa na aliyesajiliwa. Wa cheti anaorodheshwa, wa diploma anasajiliwa. Kwenye utumishi wa umma cheo nacho kinabadilika: unatoka Muuguzi, unakuwa Afisa Muuguzi Msaidizi.

Lakini najua unauliza la wodini, kwa hiyo nikukumbushe Nyangarata. Novemba 2015, hapo hapo Kahama, wachimbaji watano walitolewa hai kwenye duara lililofukiwa na kifusi. Walikuwa wamekaa chini siku 41. Sasa jiweke zamu siku mtu wa namna hiyo anapoletwa kwako. Ndugu zake wamefika na sufuria la ugali na maziwa, na huruma yako inakuambia mpe ale ashibe. Hapo ndipo unapoweza kumuua. Mwili uliokaa na njaa wiki nyingi, ukijazwa chakula ghafla, unavuta fosfeti na potasiamu kutoka kwenye damu kuziingiza kwenye seli, na moyo unaweza kusimama. Analishwa kidogo kidogo, vipimo vinafuatiliwa, na vitamini B1 inatangulia.

Cheti kilikufundisha kufuata maelekezo ya daktari kuhusu mgonjwa huyo. Diploma inakufundisha kwa nini maelekezo yako hivyo, ili saa tisa usiku daktari asipopokea simu ujue sufuria lile lisogezwe pembeni. Ukanda wetu huu, wenye maduara, zebaki, na vumbi la mawe linaloharibu mapafu na kukikaribisha kifua kikuu, unamtaka nesi anayejua kwa nini.

Zahanati yetu haina wodi. Hivyo vitendo nitafanyia wapi?

Swali hili ndilo ninalotamani kila mtu aanze nalo, na karibu wote huliuliza mwishoni, ada ikiwa imeshalipwa. Kitabu kinasomeka popote, hata chini ya mwembe Lunguya. Wodi haisomeki. Marekani kuna chuo kinaitwa Excelsior, jimbo la New York, kilichowapandisha maelfu ya wauguzi wa ngazi ya chini kwa masomo ya mbali. California iliamua kwamba wanaojiunga nacho kuanzia mwishoni mwa 2003 haitawasajili, kwa sababu programu haikuwa na saa za vitendo chini ya usimamizi zinazotakiwa na jimbo hilo. Mtu ana diploma mkononi, amefaulu mitihani, na akivuka mpaka wa jimbo karatasi haimsaidii.

Kwa hiyo chukua kitabu chako cha mazoezi ya vitendo, kigawe mafungu mawili. Fungu la kwanza ni yale unayoyapata hapo hapo ulipo: kliniki ya wajawazito, chanjo, uzazi wa kawaida, patografu, vidonda, ushauri nasaha. Hayo anza kuyafanya wiki ya kwanza, na msimamizi aliyekubaliwa na chuo akutilie sahihi siku ile ile. Fungu la pili ni yale ambayo zahanati haina: chumba cha upasuaji, wodi ya watoto mahututi, magonjwa ya akili. Hayo yanataka hospitali ya Kahama, au ya rufaa ya mkoa, Shinyanga au Geita, na mengine Bugando. Kutoka Kakola hadi Kahama ni kilomita 73, na wewe unajua masika yanavyoifanya njia ile. Usipange wodi ya upasuaji ya Kahama kwa mtindo wa kwenda na kurudi. Tafuta chumba, kaa wiki zako, maliza.

Na sahihi. Wakati wangu nilifanya wiki tatu wodi ya watoto nikidhani sahihi nitazikusanya mwisho. Mwisho ulipofika msimamizi alikuwa ameshakwenda likizo, na aliyekaimu hakunijua. Nikarudia wiki tatu zote. Wapo wanaolikwepa hilo kwa kujaza uzazi ambao hawakuushuhudia. Mtahini akikuuliza plasenta ilitoka vipi, utaona uso wako unavyokusaliti.

Nianze na fomu ya chuo au na mwajiri?

Mwajiri. Andika barua kwa Mkurugenzi kupitia kwa mfawidhi wako na Mganga Mkuu wa Halmashauri, uombe kuingizwa kwenye mpango wa mafunzo. Tunza nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Wengi husoma kimyakimya wakidhani elimu masafa haihitaji ruhusa kwa kuwa hawaondoki kituoni. Wanaondoka: vipindi vya darasani na wiki za vitendo ni siku za kazi, na ukikosa ruhusa ya maandishi utahesabiwa mtoro.

Nikimaliza, mshahara unapanda mwezi unaofuata?

Haupandi, mdogo wangu, na bora niliseme wazi. Ukishahitimu na kusajiliwa na Baraza unaomba kubadilishiwa kada. Hilo linategemea kibali na nafasi kwenye bajeti, na linaweza kuchukua muda mrefu kuliko unavyodhani. Kisha kuna jambo linalowashtua wakongwe. Kada mpya unaianzia daraja lake la kuingilia. Kama umepanda madaraja mengi kwenye cheti, mshahara wako wa sasa unaweza kuwa sawa na ule wa kuanzia au kuuzidi. Hapo utaratibu wa mshahara binafsi unakulinda usishuke, lakini hautakuongezea kitu hadi mshahara wa kada mpya uufikie huo wako. Mwenye miaka 27 hana cha kuogopa. Mwenye miaka 53 akae na afisa utumishi, wapige hesabu kwa kalamu, kabla hajauza ng'ombe wa ada.

Mimi niko kliniki ya mkandarasi mgodini, naingia siku kumi na nne, natoka saba. Naweza?

Unaweza, na zile saba ni hazina ambayo wa zahanati hana. Ila muulize mwajiri mapema kama atakupa wiki za vitendo mfululizo, maana saba saba hazitoshi wodi moja. Na uliza chuo kama kinapokea watumishi wa sekta binafsi kwenye mkupuo unaouomba.

Mwalimu, tatizo langu ni hesabu za dawa, tena kwa Kiingereza. Wagonjwa wangu ninaongea nao Kisukuma kutwa.

Na uendelee kuongea nao Kisukuma. Mama mwenye uchungu hahitaji Kiingereza chako. Mtihani ndio unaokihitaji. Soma moduli kwa sauti dakika ishirini kabla ya zamu, na kila neno geni liandike kwenye daftari pamoja na jina la mgonjwa wako wa kufikirika.

Hesabu zifanye na dawa unazozishika. Mjamzito ana kifafa cha mimba. Unatakiwa kumpa magnesiamu salfeti gramu 4 kwenye mshipa, ikiwa na nguvu ya asilimia 20. Kabatini una ya asilimia 50. Asilimia 50 maana yake kila mililita ina nusu gramu, hivyo gramu 4 ni mililita 8. Ongeza maji ya sindano mililita 12, unapata mililita 20, ndiyo asilimia 20 yenyewe. Isukume polepole, kwa dakika tano au zaidi.

Sasa ya kwako: baada ya hapo anatakiwa gramu 5 kila tako, za hiyo hiyo ya asilimia 50. Ni mililita ngapi kila upande? Fanya kwa kalamu kwanza, halafu ndipo ukasome ampuli.