MAJI YA MTOTO YAKIZIDI



Mtoto aliye tumboni huelea katika maji. Maji hayo yamo ndani ya mfuko mwembamba. Wengi tunauita chupa. Chupa ikipasuka, tunajua kuwa uzazi umekaribia.

Maji hayo humkinga mtoto asiumie mama anapojigonga. Humpa nafasi ya kugeuka na kunyoosha viungo. Mtoto huyanywa, kisha huyakojoa. Usicheke, ndivyo ilivyo. Kwa kunywa na kukojoa, maji hubaki katika kiasi chake. Mimba ya miezi minane huwa na maji kama lita moja. Yakifika lita mbili, yamezidi. Waganga huita hali hiyo polihidramniosi. Jina ni gumu, si lazima ulikariri.

Sasa tufanye hesabu. Kliniki, mkunga hupima tumbo kwa futi ya kamba, kama ile ya fundi cherehani. Huanzia kwenye mfupa wa kinena hadi juu kizazi kinapoishia. Mimba ya wiki 30 huwa na sentimita 30 hivi. Tuseme mama mmoja wa Makorora ana wiki 30, na futi inasoma 36. Majirani watasema, "Huyo dume, tena kubwa!" Mkunga hasemi hivyo. Pengine tarehe zilikosewa. Pengine ni mapacha. Pengine maji yamezidi. Mama atapelekwa kwenye ultrasaundi, mashine inayoonyesha mtoto na maji yake.

Mama mwenyewe naye huona dalili. Tumbo hukua haraka. Ngozi huvutika na kung'aa. Akilala chali, pumzi humwishia.

Maji huzidi kwa nini? Huenda mama ana ugonjwa wa sukari. Huenda koo la mtoto limeziba, hawezi kumeza. Huenda mtoto ana mgongo wazi. Huenda mama ana kaswende, au damu yake na ya mtoto hazipatani. Ndiyo maana kliniki hupima damu. Lakini mara nyingi sababu haionekani, na mtoto huzaliwa mzima. Basi mama asilaumiwe. Tena hali hii haiji kwa kunywa maji mengi. Kumnyima mjamzito maji katika joto la Tanga ni kumtesa bure.

Hatari kubwa huja chupa inapopasuka. Maji mengi hutoka kwa nguvu, na kamba ya kitovu inaweza kutoka kabla ya mtoto. Mtoto hupata hewa kwa kamba hiyo. Ikibanwa, anaweza kufa kwa dakika chache. Ukiiona kamba, usiivute wala usiirudishe. Mama apige magoti, kifua kiwe chini na matako yawe juu. Tafuteni gari wakati huo huo. Ndani ya gari alale ubavu, na nguo zilizokunjwa ziwekwe chini ya kiuno.

Hatari nyingine huja baada ya kujifungua. Kizazi kilichotanuka sana huchelewa kujikaza, na damu hutoka nyingi. Kwa hiyo mama huyu asizalie nyumbani, hata kama watoto wake wa kwanza aliwazaa nyumbani salama.

Makorora na hospitali ya mkoa ya Bombo zote zimo katika jiji la Tanga. Hata bajaji inafika. Wewe uliye kijijini Mkinga au Pangani una safari ndefu. Muulize mkunga mapema kama inafaa usogee karibu na hospitali kabla ya siku zako. Uchungu unaweza kuanza kabla ya miezi tisa.

Kinababa, msiruke ukurasa huu. Nauli ya usiku mara nyingi imo mifukoni mwenu.

MASWALI

1. Mama ana mimba ya wiki 28. Futi inasoma sentimita 35. Zimezidi ngapi?
2. Katika kijiji chenu, nani ana gari au pikipiki inayoweza kuitwa usiku? Andika jina lake na namba yake ya simu.